Usilete Maua

Kwa miezi mitatu Philomena Kensmil, Mena kwa waliomzoea, alikuwa akiulizwa maswali, na tusifichane, alikuwa amenogewa. Alikuwa na miaka sitini na sita, muuza samaki wakavu na mihogo katika soko kuu la Paramaribo, mji wa koloni la zamani la Waholanzi, mama wa watoto watano kwa wanaume wawili, na katika umri huo wote hakuna aliyewahi kumketisha, akamwekea kinasa sauti mezani na kumwambia, "Niambie zaidi." Sokoni mtu huambiwa apunguze bei na afupishe maneno.

Aliyekuwa akiuliza ni Jorinde, msichana wa Kiholanzi wa miaka ishirini na tisa, mrefu kama ngazi, aliyetumwa na chuo kikuu cha kwao kuja kuchunguza namna wanawake wanavyopenda wanawake katika nchi mbalimbali. Alipanga chumba cha nyuma katika ua wa Mena, mtaa wa Frimangron. Akala wali wa Mena, akaunguzwa na pilipili ya Mena, na kila alasiri Mena akirudi sokoni, wawili hao walikaa barazani wakimenya karanga na kuzungumza. Kaseti zilikuwa zimejaza sanduku zima la viatu.

Alichotaka kujua ni habari za mati. Paramaribo kila mtu anajua mati ni nini, ndiyo maana hakuna anayeeleza. Mwanamke ana watoto wake, ana bwana pengine, au alikuwa naye, na ana mati wake, mwanamke mwenziwe wa kulala naye, kula naye, kununiana naye na kuvaa naye sare siku za sherehe. Mena na Leontine Vreden walikuwa mati kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo walikuwa wamegombana mara sita kiasi cha kurudishiana sufuria.

"Sasa tante," Jorinde aliuliza siku za mwanzo, akimwita shangazi kama mtaa mzima ulivyomwita, "wewe ungejiita nani? Ungesema wewe ni msagaji?"

"Mimi ni Mena."

"Naelewa. Lakini mtu wa aina gani?"

"Wa aina ya kuchoka. Nimesimama tangu alfajiri." Mena akatupa maganda ya karanga uani. "Sikiliza, binti. Mati ni kazi. Huwi mati kwa kukaa tu. Unapika, unapeleka, unauguza, unanuna, unaombwa radhi, unapika tena. Ukiacha kuifanya, haipo. Wewe unaniuliza mimi ni nani. Niulize nafanya nini, tutafika."

Jorinde aliandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mena aliliona lile tundu na moyo wake ukafurahi sana.

Lakini Mena naye alikuwa na udadisi wake, tena si haba. Wiki ya pili akaweka sharti kwamba iwe swali kwa swali. Jorinde alicheka, akidhani ni utani, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Haya, nianze," Mena akasema. "Huko kwingine ulikosoma habari zao, kukoje?"

Jorinde akamweleza. Kusini mwa Mexico kuna mji ambako watoto wengine wa kiume hukua wakivaa magauni na kutarizi nguo, na mama aliyemzaa mmoja wao hujiona ana bahati, maana huyo hatamkimbia uzeeni. Kusini mwa Afrika, kwenye nchi ya milima na mablanketi, zamani wanawake walioolewa walikuwa na rafiki wa moyo, na urafiki ukitangazwa karamu hufanywa na mume mwenyewe huchangia mnyama wa kuchinjwa. Hapo Mena alimsimamisha akamrudisha nyuma.

"Mume ndiye aliyetoa mnyama?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na huyo rafiki alikuja na nini mkononi?"

Jorinde akapekua daftari, akapekua na kitabu. "Hapa halikuandikwa hilo, tante."

"Basi aliyeandika hakuuliza vizuri. Mtu haendi kwenye karamu ya mwenziwe mikono mitupu. Afrika ndiko walikoibwa bibi zetu, mwanangu, na bibi zetu walikuja hapa na adabu zao. Andika hivyo. Andika, Mena wa Frimangron anasema kitabu kina upungufu."

Jorinde akaandika. Mena akaongeza swali jingine, ingawa halikuwa zamu yake.

"Na wewe? Una mtu?"

Msichana akawa mwekundu mpaka masikioni. "Ninaye. Anaitwa Femke. Mwaka wa nne huu."

"Mama yako anamjua?"

"Anajua kuna rafiki ninayechangia naye kodi ya nyumba."

Mena alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikamwisha taratibu, akamtazama yule mtoto wa watu kwa huruma. "Yaani ninyi mna jina la kitu, mna vitabu vyake, mna mpaka chuo cha kukisomea, na mama mzazi hajui. Mimi sina kitabu. Lakini marehemu mama yangu alikuwa akipakua chakula, anauliza kwanza Leontine kala?"

Siku hiyo kinasa sauti kilizunguka peke yake mpaka kaseti ikaisha.

Mwezi wa tatu, mtaa ulianza kuzungumzia siku ya Leontine ya kutimiza miaka sabini. Sabini si mchezo. Miaka ya kawaida mtu hula keki akalala, lakini inayoishia na sifuri au tano ni siku kubwa, na siku kubwa ina taratibu zake. Kabla ya saa sita mchana mati wa mwenye siku huja na maua, kwa miguu, kundi la tarumbeta likipiga nyuma yake, watu wakitoka vibarazani kutazama. Maua yale huwekwa mbele, mezani, mahali pa heshima. Mgeni akiingia, hata kabla hajamsalimu mwenye siku, macho yake yanatafuta maua. Akiyaona anajua mambo yako sawa. Akiyakosa, hakuna haja ya kumweleza, uhusiano umekufa na kila mtu yuko huru kuutangaza. Mena alikwishaagiza yake kwa mwanamke wa Kijava huko Lelydorp, mashada mawili, meupe na mekundu.

Binti wa Leontine, Hermien, nesi huko Rotterdam, alifika wiki mbili kabla ili asimamie shughuli. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, mcha Mungu, mwenye orodha ya kila kitu. Utotoni alilelewa nusu kwao nusu kwa Mena, na Mena ndiye aliyemsuka nywele siku anapanda ndege.

Basi katika siku hizo hizo Jorinde akachora ramani ya ukoo. Ilikuwa karatasi kubwa iliyofunika meza nzima. Wanawake ni maduara, wanaume ni pembetatu, mstari mmoja ni uzazi, mistari miwili ni ndoa. Mena alizunguka meza kama anayetazama mji wake kutoka juu.

"Mimi ni duara lipi?"

"Hili, tante."

"Na Leontine?"

"Huyu hapa." Jorinde alisita, kisha akashika rula akavuta kutoka duara moja hadi jingine mistari miwili, kama ile ya ndoa. "Nimekosea?"

Mena aliitazama ile mistari kwa muda. Miaka thelathini na minne ya kupika na kununa, na leo anaiona kwa macho, imenyooka, imechorwa kwa wino. "Hapana," akasema. "Hivyo hivyo." Na hapo, kwa utamu wa kuona, akafanya kosa. "Mpelekee Leontine naye aone. Akukagulie na miaka ya watoto."

Jorinde aliipeleka Jumanne. Aliyefungua mlango ni Hermien.

Alirudi na karatasi imekunjwa vibaya, akasimulia yote barazani. Hermien alisoma kichwa cha habari juu kabisa, jina la chuo, na lile neno, usagaji. Akalifuata duara la mama yake mpaka kwenye mistari miwili, mistari miwili mpaka kwa Mena. Jambo lenyewe hakuwa halijui. Alilijua tangu utotoni. Lakini alilijua kama mtu ajuavyo nyumba yao ina harufu gani, na hakuna anayekuletea harufu ya nyumbani kwenu ikiwa imepigwa mhuri.

"Ameniuliza kama watu watasoma huko Uholanzi," Jorinde akasema. "Nikamwambia majina tutayaficha. Akasema, mimi ni hili duara hapa chini. Nimo humu."

"Na Leontine?"

"Alikuwa amesimama nyuma yake."

Kesho yake Leontine alikuja sokoni mwenyewe. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti nzito, na alisimama mbele ya meza ya Mena kama mteja.

"Umenianika," akasema.

"Tine, mimi nilidhani utafurahi."

"Wewe na mimi lini tumewahi kutajana? Tumefanya tu. Sasa mtoto wangu mwenyewe amenikalisha, anataka nijibu ndiyo au hapana. Unajua nimejibu nini? Nimesema kichwa kinaniuma." Akachukua samaki, akampima kwa mkono, akamrudisha. "Jumamosi njoo kama watu wengine. Usilete maua."

Akaondoka. Wanawake wa meza za jirani wakajifanya wanapanga nyanya.

Sasa, ungemuuliza mwanamke yeyote wa mtaa ule maana ya maneno hayo, angekucheka. Mati akikasirika husema kinyume. Mwaka fulani Leontine alimwambia Mena asikanyage kwake mpaka kiama, na kesho yake Mena akaingia na bakuli la supu ya karanga, wakala. Ukiambiwa usije, unakuja. Ukiambiwa usilete, unaleta mara mbili. Mena aliyajua hayo kuliko wengi. Lakini alikuwa amekaa miezi mitatu na mtu anayeandika kila neno kama lilivyosemwa, na mtu akiandikwa maneno yake muda mrefu huanza kuyaamini maneno. Juu ya hayo alikuwa na hatia, na hatia humfanya mtu mjinga.

"Amesema nisilete maua," akamwambia Jorinde jioni ile. "Ana maana gani?"

Jorinde hakuwa na ubaya. Alikuwa hajala tangu jana kwa kujilaumu. "Tante, sisi tunafundishwa kuheshimu anachosema mtu. Amesema hapana. Nadhani tumeshamwumiza vya kutosha."

"Ndivyo mnavyofundishwa?"

"Ndilo somo la kwanza kabisa."

Ilisikika kama jambo la kistaarabu. Ijumaa Mena akapiga simu Lelydorp, akafuta mashada yote mawili.

Jumamosi ua wa Leontine ulikuwa umefunikwa turubai, meza zimejaa trei za pom, kuku wa kuokwa ndani ya mizizi iliyokunwa, zikitoka mvuke, keki za mihogo na nazi, majagi ya tangawizi. Mena alifika saa nne amevaa gauni pana la koto lililotiwa wanga, Jorinde nyuma yake. Mkononi alikuwa na kiboksi cha sabuni na vitambaa, zawadi ambayo mtu humpelekea jirani. Kila aliyemsalimu alitazama kwanza mikono yake, kisha akatazama nyuma yake, labda maua yanabebwa na mwingine. Mzee Eduard, baba yake Hermien, aliyeachana na Leontine zamani na kubaki rafiki wa nyumba, alimwangalia tangu getini.

"Yako wapi?" akauliza.

Mena akamwonyesha kiboksi. Mzee akavua kofia yake.

"Pole sana," akasema, kwa sauti ile ile ya msibani.

Hapo ndipo Mena alipoanza kuogopa. Alitazama meza ya mbele. Pale pa maua Hermien alikuwa ameweka bakuli kubwa la matunda, limepangwa vizuri, machungwa na nanasi, ili pasionekane pengo. Pengo lilionekana. Kwenye kona, mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mjane mwenye meno mazuri, alikuwa akimnong'oneza mwenziwe na kumtazama Leontine kwa jicho la mtu anayepita mbele ya nyumba yenye kibao cha kupangisha. Miaka thelathini na minne ilikuwa inamalizika mbele yake, mchana kweupe, kwa sababu ya utiifu.

Watu waliimba. Tarumbeta zilipiga wimbo wa kanisani, kisha wa mitaani. Saa sita ilipokaribia Hermien alimwinua mama yake mpaka kwenye keki, akamshikisha kisu. Leontine alikishika, akakiweka chini. Alilitazama bakuli la matunda, kisha akainua uso akamtafuta mtu mmoja kati ya watu themanini.

"Mena. Maua yangu yako wapi?"

Waliokuwa na chakula mdomoni waliacha kutafuna.

"Ulisema nisilete," Mena akasema.

"Nilisema."

"Jumatano. Sokoni, mbele ya samaki."

"Najua nilisema wapi. Ninachouliza, lini wewe umewahi kunisikiliza?" Sauti yake nzito ikapanda. "Nakuambia usitie pilipili nyingi, unatia. Nakuambia usije, unakuja. Nakuambia niache nife na homa yangu, unanimwagia maji ya majani kichwani. Leo, siku yangu ya sabini, ndiyo umeota masikio?"

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, wa pili akamfuata. Jorinde alikuwa akitazama viatu vyake. Mena alisimama pale na kiboksi chake, aibu imemjaa mpaka kwenye nywele, na chini ya aibu furaha kubwa.

"Mama," Hermien akasema kwa upole, "watu."

"Naam, watu. Nimewaalika mimi." Leontine akarudi kitini kwake, akakunja mikono. "Keki isikatwe. Mimi bado nina sitini na tisa."

Basi Mena akatoka. Maua ya Lelydorp yalikuwa yamekwenda kwenye harusi ya watu wengine, hakukuwa na duka karibu, kwa hiyo alianza na ua wa kwanza aliouona. Mwenye nyumba alikuwa karamuni, akapaza sauti kutoka kwa Leontine, "Chukua, dada, chukua yote." Akakata maua mekundu ya fayalobi, akahamia ua wa pili, wa tatu, akikinga kwa upindo wa koto. Jorinde alimkimbilia. Hakuwa na daftari.

"Tante, haya yanafaa? Niyakate?"

"Kata. Usiulize."

Wapiga tarumbeta waliweka sahani chini, wakapangusa midomo, wakawafuata. Ukawa msafara kamili, isipokuwa ulianza kwa kuchelewa na ulipita nyuma ya mabanda ya kuku.

Getini alisimama Hermien. Wengine wakabaki nyuma kidogo, tarumbeta zikashushwa. Aliutazama ule mzigo, maua ya namna nane, mengine yamekwishaanza kulegea, majani ya kisamvu yamejichanganya humo.

"Tante, hayo hayawezi hata kusimama kwenye jagi."

"Yatalala."

Hermien hakusogea. "Mimi nikirudi Rotterdam, nitasema nini?"

Mena angeweza kumjibu kwa ukali, na maneno alikuwa nayo. Lakini alijikuta anataka kujua kweli. "Huko huwa wanakuuliza nini, mwanangu? Habari za kwenu, wanauliza nini?"

Hermien alifikiri. Uso wake nadhifu ukaanza kuharibika taratibu.

"Hakuna anayeuliza," akasema. "Miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuniuliza chochote."

Mena hakuwa na mkono wa kumshika, yote miwili imejaa. Akasimama naye tu, mpaka Hermien akajifuta macho kwa kiganja, akageuka, akaenda mezani akaliondoa bakuli la matunda kwa mikono yake mwenyewe. Alipopita mbele ya mama yake hakumtazama, na mama hakumlazimisha.

Leontine aliyapokea maua mapajani, yote, vumbi lake la njano likimwagika kwenye gauni jipya. Aliyachambua moja moja kama mtu anayekagua mboga.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa nasikiliza."

"Usirudie tena."

Akajisogeza upande mmoja wa kiti, na Mena akakaa.